Tezi Dume Haitulii

Msikilizaji, saratani ya tezi dume ikitajwa hapa Moshi, mazungumzo huishia kwenye mashine za mionzi. Si ajabu. Hospitali ya KCMC ilifungua kituo chake cha saratani Desemba 2016, lakini mionzi haikuwepo, na kwa miaka mingi mzee wa Rombo au Marangu aliyeandikiwa mionzi alipanda basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, akakaa huko wiki kadhaa kwa mtoto au mpwa.

Leo nazungumzia jambo dogo zaidi: namna mgonjwa anavyolazwa kwenye kitanda cha mionzi. Tezi dume iko chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa, nayo haitulii. Mkojo ukijaa huisukuma, gesi nayo huisukuma kwingine. Mzee aliyeshiba kiburu cha maharage jana usiku anaweza kukuta tezi yake imehama milimita kadhaa, pengine sentimita nzima, huku vidoa vya wino alivyochorwa kwenye nyonga ili kulengea mionzi vimelingana barabara na mstari wa leza. Kwa nje yuko sawa, kwa ndani sivyo. Ndiyo maana vituo vyenye vifaa humpiga picha akiwa ameshalala, kabla ya mionzi kuwashwa. Wataalamu hutafuta tezi yenyewe, au chembe za dhahabu zilizopandikizwa ndani yake, kisha husogeza kitanda.

Usahihi huo unaweza kupunguza nauli na malazi, maana huruhusu vipindi vichache. Utafiti wa Uingereza uitwao CHHiP, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa vipindi 20 vya dozi kubwa kidogo vinafanya kazi sawa na vipindi 37 vya kawaida. Yaani wiki 4 badala ya 7 na ushei! Ila dozi ya siku ikipanda, kukosa shabaha kunaumiza zaidi. Kwa maoni yangu, anayenunua mashine bila kuwasomesha wanaomlaza mgonjwa amenunua nusu.

Nanyi wazee wangu, mkiambiwa mwende haja kwanza, kisha mnywe maji na kubana mkojo, msidhani mnasumbuliwa. Kibofu kilichojaa huusogeza utumbo mdogo mbali na mionzi. Na mkojo ukikushinda, usione haya kwa kuwa mtaalamu ni binti wa rika la mjukuu wako. Mwambie kabla hujapanda kitandani, akupe maji mengine, usubiri.