Mpunga Wenye Njaa Katikati ya Maji

Leo napenda kusema nanyi habari za mpunga, hasa ninyi mlimao majaruba katika mbuga za Bariadi.

Yamkini mmepata kuliona jambo hili. Miche imepandikizwa vizuri, maji yapo tele, na mbolea imetiwa; lakini baada ya majuma mawili au matatu mpunga wadumaa. Majani machanga yapauka karibu na shina, na ya chini yaingia madoa ya rangi ya kutu. Wako wasemao ni uchawi. Wengine huongeza yurea, na fedha yapotea bure. Mwaka 1966, huko India, mtaalamu Y. L. Nene alionyesha kwamba maradhi ya namna hiyo, yaitwayo Khaira, hayaambukizi. Ni njaa: mpunga umekosa zinki.

Zinki ni madini yale yale yapakwayo juu ya mabati yasishike kutu. Mmea wahitaji kidogo sana. Lakini udongo wenye magadi au chokaa, ukikaa majini siku nyingi, huizuia zinki hata mizizi isiweze kuivuta. Kwa hiyo twaipitisha katika majani.

Katika debe la lita 20 tia gramu 100 za zinki salfeti na gramu 50 za chokaa iliyozimwa, ili majani yasiungue. Chuja, kisha nyunyiza jioni. Bomba la dawa ya pamba lioshwe sana kwanza. Lililotiwa dawa ya magugu lisitumiwe kabisa. Madoa huweza kuletwa na maradhi mengine pia; basi mwulize Bwana Shamba, na ujaribu jaruba moja, jingine uliache, upate kulinganisha.

Kunyunyiza mapema huokoa mavuno. Kunyunyiza tena baada ya mpunga kuchanua, punje zikiwa na maziwa, huongeza zinki ndani ya punje zenyewe. Majaribio ya China, India, Laos, Thailand na Uturuki, yaliyotangazwa mwaka 2012, yalionyesha hivyo. Mtoto aliyekosa zinki naye hudumaa, na kuhara humwandama. Ndiyo maana tangu 2004 Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto mwenye kuhara apewe zinki. Hata hivyo wali peke yake haumtoshi: mpeni na maharage, dagaa na nyama.

Basi, kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea, ingieni majarubani mkayatazame majani. Kwaherini.