Kuagana na Kupokeana: Mapenzi kwenye Mwambao wa Ziwa Tanganyika

 

Nimeombwa nizungumzie saikolojia ya mapenzi. Najua vijana wamekuja na swali lao: kwa nini moyo unamchagua huyu na kumwacha yule? Nitaligusa, ila kwa haraka. Muda mwingi nitaupeleka kwenye swali ambalo kwangu ni zito zaidi: watu wawili waliokwisha kupendana hufanya nini wanapoachana kwa muda, na hufanya nini wanapoonana tena? Dai langu ni kwamba uimara wa mapenzi huonekana wakati wa kupokeana. Nimependa kulisema hapa Kigoma kwa sababu sehemu ya sayansi iliyozaa dai hilo ilifanyika Gombe, kilomita chache kaskazini mwa mji huu, na sehemu nyingine ilifanyika Uganda. Tumezoea kudhani elimu ya aina hii inashuka na meli kutoka Ulaya. Hii ilianza kwa jirani, nasi hatujaidai.

Basi tuanze na mvuto. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao juu ya makazi ya wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT, Marekani. Urafiki pale ulifuata milango. Jirani wa mlango wa pili alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa rafiki kuliko aliyekaa milango minne mbele, ingawa umbali ulikuwa hatua chache tu. Mwaka 1968 Robert Zajonc akaonyesha kwamba kitu tunachokiona mara kwa mara huanza kutupendeza hata kama hatujui sababu. Kwa hiyo kijana anayenunua mboga kwa binti yule yule wa soko la Mwanga kila jioni asiseme amerogwa. Ukaribu nao una mpaka wake. Edward Westermarck alidai tangu 1891 kwamba waliolelewa pamoja tangu uchanga kwa kawaida hawatamaniani wakikua, na Anne Pusey, aliyefanya kazi Gombe miaka ya 1970, aliwaona sokwe jike waliopevuka wakiwakwepa kaka zao, na baadhi yao wakihamia kundi jingine.

Kuhusu uzuri wa sura, nitasema machache. Martin Muller na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo yao kutoka msitu wa Kibale, Uganda: sokwe dume huwapendelea majike wenye umri mkubwa kuliko majike vijana. Watu wa Gombe hilo wasingelishangaa, kwani Flo, jike maarufu aliyekuwa na masikio yaliyochanika na pua iliyovimba, aliandamwa na madume wengi hadi kambini kwa watafiti mwaka 1963. Kwa binadamu mambo ni tofauti, ila hata kwetu sura haitawali peke yake. Marehemu Frank Marlowe alipowauliza Wahadzabe wa Bonde la Eyasi wanatafuta nini kwa mwenzi, tabia njema na uhodari wa kutafuta chakula vilipewa uzito mkubwa. Naye anayedhani mahaba ni anasa ya watu wa mijini aangalie hesabu ya William Jankowiak na Edward Fischer ya mwaka 1992: katika jamii 166 walizozipitia, walikuta ushahidi wa mahaba katika 147.

Mvuto basi huja kwa njia nyingi, na huja bila kumgharimu mtu chochote. Kazi inaanza baadaye, katika kuagana na kupokeana, na habari yake naianzia Gombe.

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alishuka kwenye ufukwe wa Gombe kuwachunguza sokwe. Alikuwa na umri wa miaka 26, hana shahada, na alifuatana na mama yake, Vanne, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikukubali akae msituni bila mwenzake wa Kizungu. Vanne alifungua zahanati ndogo na kuwatibu wavuvi, na naamini imani waliyoijenga wavuvi wale kwa mama ilimsaidia sana binti. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Dunia ilimlilia kwa sababu ya misitu na wanyama. Mimi nataka tumkumbuke leo kwa jambo jingine: aliandika kwa subira namna viumbe wanavyosalimiana.

Sokwe wa kundi moja hawatembei pamoja siku nzima. Hutawanyika wawili wawili, watatu watatu, kila kikosi na mti wake wa matunda, na wanaweza kukaa siku kadhaa bila kuonana. Wakikutana tena hukumbatiana, hubusiana, hushikana mikono, kisha huketi kuchambuana manyoya kwa muda mrefu. Aliyekuwa na hofu hutulia. Goodall aliona kwamba salamu zile zilirudisha kitu kilichokuwa kimelegea, na kwamba bila salamu zile kundi lisingekuwa kundi.

Pia aliona kinachotokea pale ambapo hakuna kurudi. Flo alikufa mwaka 1972, kando ya kijito. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane na nusu, umri ambao sokwe anaweza kujilisha mwenyewe, lakini alikuwa bado akilala kiota kimoja na mama yake. Alikaa karibu na mwili, akazubaa, akaacha kula, akaugua. Wiki chache baadaye naye akafa, karibu na pale mama yake alipofia. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara inanitikisa. Mtu anayesema kwamba majonzi ya kuachwa ni udhaifu wa tabia aende akaisome.

Msimamizi wa Goodall katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikoanza masomo ya udaktari mwaka 1962, alikuwa Robert Hinde. Hinde alikuwa pia rafiki na mshauri wa daktari mmoja wa London, John Bowlby, aliyekuwa akijiuliza kwa nini watoto waliolazwa hospitali bila mama zao walidhoofika hata wakishiba. Kutokana na mazungumzo yao Bowlby alijenga nadharia ya mfungamano: mwanadamu huzaliwa na haja ya kuwa na mtu wa kumkimbilia hofu inapoingia, na mtu huyo huyo ndiye humpa ujasiri wa kwenda mbali.

Aliyekwenda kuitazama nadharia hiyo nyumbani kwa watu alikuwa mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na alikwenda Uganda. Alifika Kampala mwaka 1954, na kwa miezi kadhaa alizitembelea familia 26 za Kiganda kila baada ya wiki mbili, akiangalia watoto wachanga 28. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye aliyethubutu kutambaa mbali naye, na aliona pia kwamba mtoto anaweza kufungamana na zaidi ya mtu mmoja, jambo ambalo kwetu, tuliolelewa na bibi, shangazi na dada wakubwa, halihitaji kuthibitishwa. Jingine aliloliona ni dogo lakini mimi nalithamini sana. Mama aliporudi kutoka shambani, watoto wa Kiganda walimpokea kwa kupiga makofi. Baadaye, alipowatazama watoto wa Baltimore, Marekani, wao walinyoosha mikono wakumbatiwe.

Makofi hayo Kigoma tunayajua. Waha wa jadi husalimiana kwa makofi ya taratibu na maulizo marefu, hadi mgeni mwenye haraka anachoka. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858, alizishangaa salamu za watu wa hapa. Angeuliza, wazee wangemweleza kwamba aliyetoka mbali hapokewi kwa neno moja.

Huko Baltimore Ainsworth alitunga jaribio lililompa jina. Mama na mtoto wa mwaka mmoja hukaa katika chumba kigeni, mama hutoka kidogo, kisha hurudi. Watu wengi wangetazama mtoto analia kiasi gani mama akitoka. Ainsworth alitazama mama akirudi. Watoto wengi walimkimbilia, wakatulia, wakarudi kwenye michezo yao. Wengine walimng'ang'ania huku wakimpiga, wasitulizike. Wengine walitazama pembeni kana kwamba hakuna aliyekuwa ametoka. Hawa wa mwisho waliwadanganya watu wengi kwa utulivu wao, mpaka mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walipoonyesha kwamba mapigo ya moyo wao yalikuwa juu.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliuliza: je, wapenzi watu wazima nao wako hivyo? Walichapisha dodoso katika gazeti la Rocky Mountain News la Denver, wakachambua majibu 620 ya mwanzo. Zaidi ya nusu walijieleza kama watu wasioona shida kumtegemea mwenzi na kutegemewa. Waliobaki waligawanyika kati ya wanaoishi kwa hofu ya kuachwa na wanaokosa raha mtu akiwasogelea. Dodoso la gazeti halipimi watu wote, na hakuna anayehukumiwa maisha na utoto wake. Hata hivyo mlango ulifunguka. Mwaka 1998 Shaver na Chris Fraley walikwenda uwanja wa ndege kuwatazama wapenzi wakiagana, wakaona waliokuwa wanatengana wakishikana na kutafutana zaidi kuliko waliosafiri pamoja.

Sisi hatuhitaji uwanja wa ndege. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na Liemba, iliyoundwa Ujerumani na kuunganishwa hapa hapa, iliagana na watu bandarini kwa miongo mingi kuanzia 1927. Kwa miongo mingi ya ukoloni Buha, nchi ya Waha, ilikuwa ghala la vibarua. Wanaume wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kwa mikataba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na kuanzia 1944 wakala wa wenye mashamba, SILABU, aliifanya kazi hiyo kwa utaratibu mkubwa. Tunawaita manamba. Historia imeandika mishahara na idadi ya marobota na mabehewa. Haijaandika vya kutosha mwanamke aliyebaki na shamba, na mwanamume aliyerudi na kukuta mtoto hamjui. Wengine hawakurudi kabisa, na vizazi vyao viko Tanga hadi leo.

Kuhusu aliyerudi, Hinde ana jambo la kutufundisha. Katika majaribio yake na kima, alimtenganisha mtoto na mama kwa siku kadhaa kwa njia mbili: mara nyingine alimtoa mtoto, mara nyingine alimtoa mama na kumwacha mtoto kundini. Mtu angedhani mtoto aliyebaki kati ya jamaa zake angeumia kidogo. Ilikuwa kinyume. Mama aliyekuwa ametolewa, akirudi, alilazimika kwanza kurekebisha uhusiano wake na kundi zima, na mtoto akasubiri. Mlioishi na baba anayetoka safari ya mbali mnalifahamu hilo: nyumba inajaa wajomba, majirani na wadai, na mke anapika hadi usiku bila kupata hata dakika kumi za kuulizwa habari zake. Nawaomba jamaa tuwe na huruma. Siku ya kwanza iwe ya wenye nyumba.

Kisha kuna maisha ya ziwa lenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi za sola, na mwanamume huondoka jua likizama na kurudi alfajiri. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti samaki, basi uvuvi husimama na waume hukaa nyumbani usiku. Kuna ndoa hapa zinazoishi kwa ratiba ya mwezi. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, nyumba nyingi zilijikuta na mtu ambaye hazikuzoea kuwa naye kila usiku, tena mfukoni hana kitu. Mjadala wa hadhara ulikuwa juu ya kipato, na ulikuwa wa haki. Lakini mizozo ya ndoa nayo ni sehemu ya hesabu ya kufunga ziwa.

Iwe safari ndefu au usiku mmoja ziwani, anayepokelewa kwa maswali ya polisi hujifunza kuchelewa. Anayeingia bila salamu, akatupa koti na kulala, humfundisha mwenzake kutomngoja. Nimewasikia wanaume wakisema kwamba mke wangu hanung'uniki, basi hana shida. Wakumbuke watoto wale waliotazama pembeni. Tena nisieleweke vibaya: sisemi mwanamke ampokee kwa tabasamu mtu anayempiga. Mfungamano unahitaji mtu wa kukimbilia, na anayekimbiwa si huyo. Anayepigwa apelekwe penye usalama, na asiambiwe avumilie.

Ninamaliza kwa ombi kwa wanafunzi wa saikolojia wa vyuo vyetu. Mnasoma Baltimore na Denver, na mnafanya vizuri. Someni pia Kampala ya 1954 na Gombe ya 1960 kama kazi zilizofanyika kwenu. Kisha njooni mwalo wa Kibirizi alfajiri, kwa ridhaa ya wenyewe, mtazame mitumbwi inavyorudi na watu wanavyopokeana. Ulizeni kwa Kiswahili na kwa Kiha. Na matokeo yakipatikana, yasomwe kwanza hapa mwaloni, mbele ya waliotazamwa, kabla hayajapelekwa kwenye jarida lolote.