Simama, uende kuomba haki yako

Somo: 2 Wafalme 8:1-6



Tuko na habari ya mwanamuke wa Shunemu, yule ambaye Elisha alimufufulia mutoto wake. Nabii alimujulisha kwamba njaa inakuja, akamushauri akimbie. Mama akatii. Akakaa miaka 7 katika inchi ya Wafilisti. Aliporudi, nyumba na shamba havikuwa tena mikononi mwake.

Angalieni kile alichofanya. Hakufunga mulango na kulia tu. Hakusema: mimi nimeokoka, naachilia, Mungu ataona. Alisimama, akaenda mpaka mbele ya mufalme. Na saa ileile alipofika, Gehazi alikuwa pale anaelezea mufalme habari ya mutoto aliyefufuka. Mungu alikuwa amekwisha kumutengenezea njia. Lakini kama mama angebaki nyumbani, njia ile ingekosa mutu wa kuipita.

Wapendwa, niko na neno la kutubu mbele yenu. Mama mumoja mujane alikuja kuniona kiisha ibada. Mume wake alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kampuni moja. Watoto walikuwa wanafukuzwa shuleni juu ya feza. Tuliomba, tukafunga siku 3. Lakini mimi, muchungaji wake, sikumuuliza hata swali moja juu ya karatasi za marehemu. Ni shemasi mumoja muzee ndiye alimuuliza: "Mama, baba alikuwa na namba ya CNSS?" Mama akashangaa. Karatasi zote zilikuwa katika valizi, kwa shemeji yake. Tena, ndoa yao ilibarikiwa kanisani na mahari ilitolewa, lakini haikuandikwa komini. Ilibidi kupita tribinali. Ilimuchukua zaidi ya mwaka, aende, arudi, aende tena. Leo anapata pansiyo ya mujane. Maombi yetu yalikuwa ya kweli, lakini jibu lilikuwa ndani ya valizi.

Sasa musikilize vizuri. Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 inasimamia kasha la CNSS, lile ambalo wazee walijua kwa jina la INSS. Kila mwezi mufanyakazi anakatwa 5% ya mushahara wake, na bwana kazi anaongeza 13% yake mwenyewe. Feza hizo ni kwa ajili ya pansiyo ya uzee, ajali na magonjwa ya kazi, na musaada wa jamaa. Mufanyakazi akifariki, mujane na watoto wako na sehemu yao. Watumishi wa serikali wako na kasha lingine, CNSSAP. Feza hiyo si sadaka ya mukubwa fulani. Ni jasho la mume wako.

Wengine watasema: kukimbilia biro za serikali ni kukosa imani. Hapana, mupendwa. Mama wa Shunemu aliondoka kwa imani, na kwa imani ileile akarudi kudai. Hata Paulo, katika Matendo 22, alipofungwa ili apigwe fimbo, alisema wazi kwamba yeye ni raia wa Roma. Hakuona haya.

Basi juma hili ufanye nini? Baba, muonyeshe bibi yako karatasi zako: namba yako, mukataba, karatasi za mushahara. Usimufiche, kwa maana hujui siku yako. Ninyi muliobarikiwa kanisani tu, muende komini kuandikisha ndoa. Mutoto akizaliwa, umuandikishe mbele ya siku 90 kupita. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Mujane, uliza karatasi za mume wako kwa upole, lakini uziulize. Fika wewe mwenyewe kwenye biro ya CNSS, usitume mutu wa njiani anayekuomba feza. Kama bwana kazi alikukata bila kupeleka, peleka neno kwa mukaguzi wa kazi.

Na wewe mama wa soko, usiyekuwa na bwana kazi, nawe uko na haki yako. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo ya shule ya musingi ya serikali kuwa bure. Uliza kila feza unayoombwa: ni ya nini, na karatasi yake iko wapi?

Kanisa, tusiache wajane watembee peke yao. Yakobo 1:27 inatuagiza kuwaangalia. Kuwaangalia si kuwapelekea mchele siku ya Noeli tu. Ni shemasi anayejua kusoma Kifaransa kukaa pamoja na mama kwenye ubao wa biro, toka asubui mpaka jina lake liitwe.

Mwishoni mufalme alimupa mama wa Shunemu mutumishi mumoja, akaamuru arudishiwe vyote, na hata mavuno ya shamba tangu siku aliyoondoka. Mungu wetu anahesabu hata miaka iliyopita.

Leo usiku omba. Kesho asubui vaa viatu, beba karatasi zako, uende.

Mungu awabariki. Amina.