Hisa na Bondi: Mwenye Kampuni na Mdai Wake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Isiolo)



Wengi wetu twaulizana habari za hisa na bondi, hasa mtu apatapo malipo yake ya kustaafu, maana ndipo wauzaji huja kubisha hodi. Yafaa tufahamu kabla hatujatoa fedha.

Anunuaye hisa huwa mwenye kampuni kwa sehemu yake. Mwaka 2008 Serikali iliuza hisa 10,000,000,000 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, yaani robo ya kampuni. Serikali ikabaki na 35 kwa mia, Vodafone 40. Kabla ya mwaka ule kwisha bei ilishuka chini ya shilingi 5. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja; aliyekopa alilipa riba huku mali yake imepungua. Tena tuangalie kura. Katika chama chetu mtu mmoja ana kura moja. Katika kampuni hisa moja ndiyo kura moja. Basi wadogo wengi waliotawanyika hawamshindi mkubwa mmoja.

Anunuaye bondi si mwenye kampuni, bali ameikopesha. Mwaka 2009 KenGen ilikopa kwa wananchi kwa miaka 10, riba 12.5 kwa mia. Kila shilingi 1,000 iliyokuwa bado kurudishwa ilileta shilingi 125 kwa mwaka. Faida ya kampuni ikizidi, mdai hazidishiwi. Ikipungua, bado anadai haki yake. Lakini kura hana.

Je, kampuni ikianguka? Wadai hutangulia kulipwa, wenye hisa huwa wa mwisho, na mara nyingi hawaoni kitu. Hata hivyo mdai naye hana hakika. Chase Bank iliuza bondi mwaka 2015. Aprili 2016 Benki Kuu ikaiweka chini ya msimamizi, na wenye bondi wakabaki wakingoja.

Ndugu, hata asiyenunua kitu jambo hili lamhusu. Fedha za uzeeni tukatwazo mishaharani hutumika kununua hisa na bondi. Kwa hiyo twashauri hivi: tusikope ili kununua hisa, tusiweke akiba yote mahali pamoja, tusimpe fedha dalali asiye na leseni. Na katika mkutano wa kila mwaka wa mfuko wa pensheni, tusimame tuwaulize wadhamini: fedha zetu mmeziweka wapi, nasi huko tu wenye mali au wadai?