Injini Ikifunguliwa Uani

Leo huenda ukashangaa, kwa maana nataka tuzungumze kuhusu injini ya gari. Tafadhali usizime redio. Hata kama gari ni la baba watoto na kazi ni ya fundi, uani hapo ni kwako na watoto ni wako.

Unajua mambo yanavyokwenda. Gari limechemka njiani, likavutwa hadi nyumbani. Fundi anachomoa kile kijiti cha kupimia oili, anakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Anasema gasketi imeungua na hedi imepinda. Hedi ni kile chuma kizito kinachofunika injini kwa juu, na gasketi ni bamba jembamba la katikati linalozuia maji, oili na moto visikutane. Ili kupunguza gharama ya gereji, mnakubaliana kazi ifanyiwe nyumbani.

Sasa sikiliza kwa makini. Kazi hii mara nyingi haiishi siku moja. Fundi huondoka na hedi, akaipeleka kwa wenye mashine isawazishwe, au akatafute nyingine. Huenda injini ikakaa wazi siku 2 au 3. Kabla ya kuifungua alimwaga maji ya rejeta na oili, lita kadhaa. Vyuma aliviosha kwa petroli au mafuta taa. Je, vitu hivyo ameviacha wapi? Kwenye beseni, kwenye sufuria kuukuu na kwenye chupa za soda. Fundi ameenda zake. Wewe umebaki na mtoto wa miaka 2 ambaye kila chupa anayoiona anaipeleka mdomoni.

Niliwahi kumpokea mtoto kama huyo zahanatini. Alikuwa amekunywa petroli kutoka chupa ya soda. Nyanya yake alimpa maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Petroli ilipopanda, nyingine ikaingia mapafuni. Mtoto alifika akihema mbio, mbavu zikiingia ndani, na akalazwa siku nyingi. Alipona. Lakini yule nyanya aliniambia, "Binti yangu, sisi tulifundishwa hivyo." Na ni kweli, wengi wetu tulifundishwa hivyo.

Basi tujifunze upya. Mtoto akinywa petroli au mafuta taa, usimtapishe. Usimpe maziwa wala maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mkimbize hospitali, na uibebe ile chupa ili daktari aone ni kitu gani. Nenda hata kama anacheza vizuri, kwa sababu kifua kinaweza kubana saa kadhaa baadaye.

Maji ya rejeta nayo tusiyadharau. Yakiwa maji matupu ya mfereji yaliyochafuka, afadhali kidogo. Lakini wengi hutia ile dawa ya rangi, ya kijani au nyekundu, inayozuia injini kuchemka. Aina nyingi za dawa hiyo zina sumu yenye utamu. Mtoto akionja hatatema, ataongeza! Mwanzoni anaweza kuwa kama mlevi, akipepesuka na kusinzia, na mama akafikiri ni usingizi wa mchana. Baadaye sumu huharibu figo. Kiasi kidogo tu ni hatari kwa mtoto mdogo. Hapa hakuna dawa ya nyumbani. Hospitali ina matibabu, na yanasaidia zaidi yakianza mapema.

Kwa hivyo zungumza na fundi kabla hajashika spana. Usione haya. Mwambie, "Fundi, kwangu kuna watoto, chupa za soda hatutumii." Mtafutie mtungi wenye kifuniko cha kukaza, uandikwe kwa herufi kubwa, na jioni ufungiwe mahali pa juu. Oili chafu irudi naye gereji. Isimwagwe karibu na kisima, na isipakwe mtoto kichwani eti ni dawa ya mapunye. Beseni lililooshewa vyuma lisirudi jikoni kamwe. Na petroli ikiwa wazi, jiko la makaa lisikaribie.

Ile gasketi ya zamani iliyoganda kwenye chuma, fundi asiikwangue ikiwa kavu watoto wakiwa karibu. Gasketi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huumiza mapafu.

Siku ya mwisho, hedi ikisharudishwa, injini itawashwa kujaribiwa. Iwashwe nje kwenye hewa, si ndani ya gereji iliyofungwa wala chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu. Tena mtu asifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, maji huruka usoni. Mtoto akiungua, mwagilia maji baridi ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20, umfunike na kitambaa safi, umpeleke zahanati. Dawa ya meno, unga na mafuta viacheni kabatini.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto wachanga. Kwaheri kwa sasa.