Chombo Kinapotoa Notisi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia alitaka nieleze kazi ninayoifanya. Kazi yangu ni kutunza programu za kompyuta zilizoandikwa na watu wengine, ambao wengi wao wamekwisha kwenda zao. Aandikaye programu mpya hupigiwa makofi. Aitunzaye ya zamani hukumbukwa siku ikiharibika. Lakini liko jambo moja katika kazi hii ambalo naona lafaa kuzungumzwa hapa, nalo ni namna vitu vya zamani vinavyoondolewa, na wajibu wa yule aondoaye na wa yule aliyekuwa akivitumia.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Mtu anapoandika programu, anachoandika ni maneno tu, yamo katika mafaili mengi. Ili maneno hayo yawe kitu kinachofanya kazi katika simu yako, hayana budi kutafsiriwa kwa lugha ya mashine, kuunganishwa na maktaba zilizoandikwa na wengine, kujaribiwa, kisha kufungwa pamoja. Kazi hiyo hufanywa na chombo cha kuundia programu. Kikongwe kinachojulikana sana kati ya vyombo hivyo ni Make, kilichotungwa na Stuart Feldman huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Kinachotumika zaidi siku hizi kwa programu za simu za Android kinaitwa Gradle.

Make ina kasoro moja mashuhuri. Kwa kawaida kila mstari wa amri lazima uanze kwa alama ya tabu, wala si kwa nafasi tupu, na kwa macho viwili hivyo havitofautiani. Vijana wa chama cha kompyuta wakijaribu wataona jinsi mtu anavyoweza kupoteza alasiri nzima akitafuta kosa asiloweza kuliona. Feldman mwenyewe alieleza baadaye kwamba chombo kilikuwa kimepata watumiaji kama kumi na wawili hivi, wengi wao rafiki zake, naye hakutaka kuwavurugia kazi kwa kubadili jambo hilo. Basi tabu ikabaki, na hadi leo ndiyo kanuni ya kawaida ya Make. Namheshimu sana mzee huyo, lakini huruma aliyowafanyia watu kumi na wawili imelipiwa na vizazi vya watu waliokuja nyuma yao.

Waliotengeneza Gradle walishika njia nyingine. Wao wakitaka kuondoa kitu hukipa notisi, kama mwenye nyumba anavyompa mpangaji. Katika toleo kubwa moja kitu hicho huendelea kufanya kazi, ila kila ukikitumia chombo hukuonya. Likija toleo kubwa linalofuata, kinaweza kuondolewa kabisa.

Chukueni neno moja, "compile". Zamani, ukitaka programu yako itumie maktaba fulani, uliandika "compile" na jina la maktaba hiyo. Ubaya wake ni kwamba kila aliyetumia kazi yako alipata pia mlango wa kuingia katika maktaba uliyoazima wewe. Ni kama kumwazima jirani sufuria, kisha wageni wako wote wakajiona wana ruhusa ya kuingia jikoni kwa jirani. Siku jirani akibadilisha sufuria, shughuli za watu wasiomjua huharibika. Tena maktaba moja ikiguswa, chombo hulazimika kutafsiri upya mafaili mengi yasiyohusika. Kwa hiyo mwaka 2017, katika toleo la 3.4, Gradle ilileta maneno mawili mahali pa lile moja: "implementation" kwa kile unachokitumia ndani kwako tu, na "api" kwa kile unachokubali wengine wakione. "Compile" iliachwa iendelee kwa miaka. Iliondolewa katika toleo la 7.0, Aprili 2021.

Miaka minne, mabwana. Mtu atasema hakuna awezaye kushtukizwa baada ya miaka minne. Sikilizeni basi.

Mwaka 2024 niliitwa na chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walikuwa na programu ya simu inayoandika lita za kila mfugaji na kupiga hesabu ya malipo ya mwisho wa mwezi. Hesabu ya makato ilikuwa na kosa. Baadhi ya wafugaji walikatwa mara mbili. Kusahihisha kosa hilo kulihitaji mistari miwili. Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kuwafikishia wafugaji mistari hiyo miwili kulichukua wiki tatu, na wakati huo wote karani alikaa na daftari akirudia hesabu kwa mkono, huku watu wakipanga foleni nje.

Sababu ilikuwa mnyororo. Kuanzia tarehe 31 Agosti 2024, duka la programu la Google lilidai kwamba masasisho yalenge Android 14. Kulenga Android 14 kulihitaji kiambatisho kipya cha Android, nacho kiambatisho hicho kilitaka Gradle 8 na Java 17. Programu ya chama ilikuwa bado imekaa juu ya Gradle 5. Gradle 8 haikulijua tena neno "compile". Jina la programu lililokuwa likisomwa katika faili moja sasa lilitakiwa kuandikwa katika faili lingine. Na kiambatisho kingine, ambacho mtungaji wake alikuwa amekwisha kukiacha, kilitegemea sehemu zilizokuwa zimeondolewa. Hicho ilibidi tukitafutie badala.

Nilipofungua mipangilio nilikuta mstari mmoja ulioamuru kwamba maonyo yasionyeshwe kabisa. Gradle inaruhusu hivyo. Simlaumu sana aliyeuandika. Maonyo huja kwa makumi, na mengi hayatokani na maandishi yako bali na viambatisho vya watu wengine ambavyo huna uwezo wa kuvisahihisha. Mtu huchoka. Lakini aliyemfuata hakujua kwamba kulikuwa na notisi yoyote, kwa sababu karatasi ilikuwa imebanduliwa mlangoni.

Kazi yenyewe tuliifanya kwa ngazi, kama watengenezaji wanavyoshauri: kwanza toleo dogo la mwisho katika Gradle 5, kusafisha maonyo yote huku kila kitu kikiwa bado kinafanya kazi, kisha 6, tukasafisha tena, kisha 7, ndipo 8. Mkurugenzi mmoja aliuliza kwa nini tusiruke moja kwa moja. Ukiruka, kitu unachokitafuta kimeshaondolewa pamoja na onyo lililokuwa likikueleza badala yake, nawe unabaki na kosa lisilokuwa na maelezo.

Sasa niseme upande wa aondoaye, kwa maana wajibu haupo upande mmoja. Sote tunakumbuka noti ya zamani ya shilingi elfu moja. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba itakoma kutumika ifikapo tarehe 1 Oktoba mwaka ule ule. Noti mpya ilitangazwa papo hapo, sababu ilielezwa, na siku ya mwisho ilijulikana hata kwa mama muuza mboga. Gradle hutaja badala, na mara nyingi hueleza sababu. Upande wa siku ndipo ninapowalaumu kidogo: hutaja namba ya toleo, si tarehe. Toleo la 7 lilikaa chini ya miaka miwili, la 8 likakaa zaidi ya miwili, kuanzia Februari 2023 hadi Julai 2025. Kampuni kubwa yenye watu wa kufuatilia mambo hayo haipati shida. Chama cha maziwa chenye karani mmoja na fundi wa kukodi hakiwezi kupanga fedha zake kwa namba ya toleo.

Programu ya wafugaji imekwisha kusambazwa, na waliokatwa mara mbili wamerudishiwa. Nilipenda kuiamuru Gradle ikatae kabisa kazi yoyote yenye onyo, maana nayo inawezekana, ila kiambatisho kimoja cha wengine bado kinatoa onyo moja. Kwa hiyo maonyo yote yanaonyeshwa, na lile moja limeandikwa katika faili pamoja na jina la kiambatisho na tarehe ya kuangaliwa tena. Watunzaji wake nimewaandikia, bado hawajajibu.

Naambiwa vijana wa kidato cha tatu wana maswali.