Tufani na Mali ya Mtu



Tufani ilipopiga Unguja mwezi wa Aprili 1872, iliangusha mikarafuu mingi mno. Pemba ilisalimika, nayo baadaye ikaipita Unguja kwa karafuu. Siku zile hapakuwa na njia ya kuwaonya watu.

Lakini onyo peke yake halitoshi. Mwezi wa Novemba 1970 tufani ilipiga nchi ambayo sasa ni Bangladesh, ikaua watu wapatao 300,000 au zaidi. Wengi walikuwa wamesikia habari zake, lakini walibaki majumbani. Waende wapi? Na ng'ombe wamwachie nani?

Tangu 1972 watu wa kujitolea huko hutwika bendera za hatari na kupita vijijini na vipaza sauti. Zimejengwa nyumba imara juu ya nguzo, na vilima vya udongo vya kuwekea mifugo. Tufani kali ya 2007 iliua watu zaidi ya 3,000. Ni msiba mkubwa, lakini si kama ule wa kwanza.

Basi, ndugu zangu, ukimwambia jirani akimbie, mwonyeshe pia pa kukimbilia, yeye na ng'ombe wake.